Tulizungushwa Nairobi usiku ndani ya nganya kwa muda wa saa nne, lakini hakuna aliyeuona mji. Tatizo ni nini?

#1 Mgeni wa Tandika

Wakuu, salaam. Kuna jambo ambalo limekuwa likibishaniwa nyumbani kwetu tangu tuliporudi kutoka Nairobi mwezi Julai, nami nimeona nililete hapa kwa sababu nyumbani tumekwisha kugombana vya kutosha.

Tulikwenda huko kumwoza binamu yetu. Usiku wa siku iliyofuata harusi, vijana wa upande wa bibi harusi walitukodia nganya, yaani zile matatu za Nairobi zilizopambwa kwa michoro, skrini na spika, ili sisi wageni wa Dar es Salaam tuuone mji kabla ya kupanda basi la kurudi. Tuliondoka Ngong Road mnamo saa tatu usiku, tukateremka Valley Road, tukaingia Kenyatta Avenue, tukakata kushoto kushika Moi Avenue, tukatokea Ngara, tukafuata Thika Road mpaka Roysambu, kisha tukageuza na kumalizia Westlands. Njia hiyo naijua kwa sababu nilisimuliwa asubuhi yake, wala si kwa sababu niliiona.

Mimi sikunywa chochote isipokuwa soda mbili, na safari nzima nilikaa dirishani, upande wa kushoto. Hata hivyo, mama aliponiuliza kama nimeliona jengo la KICC, ambalo ndilo refu kuliko yote Nairobi, nilikosa la kujibu. Tulikuwa watu kumi na wanane, na tulipokusanya picha zetu zilizidi mia mbili. Nilizipitia moja baada ya nyingine na sikupata hata moja yenye jengo, sanamu wala mti. Zote ni nyuso zetu zenye rangi ya zambarau.

Naomba mnieleze: ziara ya namna hii hushindwa kuonyesha mji kwa sababu ya pombe, ya muziki, ya basi lenyewe, au ni sisi abiria tusiojua kuangalia?

#2 Mtoto wa Eastlands

Karibu tena Nairobi, ndugu. Nianze na marekebisho kabla mama hajaendelea kuamini hivyo. KICC ilifunguliwa mwaka 1973, ina ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na kwa miaka mingi hakuna jengo la Nairobi lililoipita. Siku hizo zimekwisha. Times Tower iliipita, baadaye likaja jengo la UAP Old Mutual kule Upper Hill lenye mita 163, kisha Britam Tower, nalo liko Upper Hill, lenye mita 200 ukiuhesabu na ule mlingoti wake wa kileleni.

Kuhusu swali lako, mimi naona mmelielewa visivyo lile gari. Nganya haikodiwi ili ikuonyeshe mji. Hukodiwa ili mji ukuone wewe. Ndiyo maana taa za rangi zimefungwa mpaka chini ya bodi, ndiyo maana honi yake ina nyimbo, na ndiyo maana dereva hupunguza mwendo mahali penye watu wengi na kuongeza mahali penye majengo matupu. Usiku ule Moi Avenue nzima iliwaona ninyi.

#3 Fundi Vioo wa Sakina

Kazi yangu ni kufunga vioo hapa Arusha, kwa hiyo mtaniwia radhi nikilitazama jambo hili kwa jicho la kazi. Pombe mnaionea bure, na muziki nao hauna hatia kubwa.

Kioo cha kawaida hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, maana yake kioo kimoja chenye nyuso mbili hurudisha karibu asilimia 8. Mchana hulitambui jambo hilo kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kupita kiasi kuliko ndani. Usiku mambo hugeuka: ndani kuna taa za zambarau na skrini sita, nje kuna taa za barabarani zilizo mbali, na ile asilimia 8 ya mwanga wa ndani inaushinda mwanga wote unaotoka nje. Kioo kinakuwa kioo cha kujitazamia. Ukiongeza tinti ndiyo unamaliza kabisa, kwa kuwa mwanga wa nje hulazimika kupenya tinti hiyo kabla ya kukufikia, ilhali taswira ya uso wako inarudi kutoka uso wa ndani wa kioo bila kupita popote.

Mkuu, siku nyingine jifunike koti kichwani, ubandike paji la uso kwenye kioo, na uzibe pembeni kwa viganja. Mji utauona. Utaonekana kama mtu aliyefiwa katikati ya sherehe, lakini utauona.

#4 Mgeni wa Tandika

Ahsante, Fundi. Ulivyoeleza ndivyo ilivyokuwa. Sasa nakumbuka kwamba kila nilipogeuza uso dirishani nilikuwa namwona shemeji na kofia yake, ingawa shemeji alikuwa ameketi nyuma yangu upande wa pili.

#5 Mstaafu wa Mlango

Nimesimama kwenye mlango wa nganya kwa miaka minne katika njia ya Rongai, kwa hiyo naomba nimpinge Fundi kwa heshima. Maelezo yake yanafaa kwa gari lenye vioo. Nganya haina vioo kwa maana anayoifikiria yeye.

Magari hayo mengi ni Isuzu za abiria 33. Linakuja chasisi na injini, bodi linajengwa na mafundi wa Nairobi, na tangu siku ya kwanza ya kuchora ramani mwenye gari humwambia fundi apunguze madirisha ili apate ukuta wa kuweka skrini na spika. Kisha anakuja mchoraji, naye hawezi kuikata sura ya mchezaji mpira au mwanamuziki mahali dirisha linapoanzia, kwa hiyo hubandika juu ya kioo stika yenye matundu madogo madogo mithili ya chekecheke. Mchana abiria huona nje kupitia matundu hayo, japo kama anayetazama kupitia neti ya mbu. Usiku matundu hayo hayasaidii kitu. Kwa hiyo Mgeni hakuwa ametazama mji kupitia kioo, alikuwa ametazama kisogo cha mchezaji mpira.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, za mwaka 2004 zilipoanza kutumika, michoro ilipigwa marufuku, kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa njano ubavuni, na ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2012 waliporuhusu tena.

#6 Karani wa Zamani

Mstaafu, kumbukumbu yako inateleza kidogo. Ruhusa ya michoro ilitokana na kauli ya Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa mwaka 2014, aliposema vijana wanaojipatia riziki kwa uchoraji huo wasisumbuliwe. Mwaka 2012 ndio aliofariki John Michuki mwenyewe, huenda ndiyo sababu ukauchanganya. Kanuni zake nyingine, za vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, hazikuondolewa.

#7 Dada wa Kizingo

Hamjambo. Nasoma uzi huu nikiwa Mombasa, na nacheka peke yangu. Sisi wageni wetu tunawazungusha kwa tuktuk. Tunakodi tatu au nne, zinafuatana kama bata na vifaranga, tunaanzia Fort Jesus, tunapenya Mji wa Kale kwa mwendo wa miguu, tunatokea Mama Ngina kula viazi karai na kutazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari. Tuktuk haina kioo pembeni, haina stika, haina skrini. Muziki upo, ila ni wa spika moja, na harufu ya bahari inaingia mpaka puani. Hakuna mgeni wangu aliyewahi kurudi kwao akauliza kama ameuona mji.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono Fundi: toeni kioo, muuone mji.

#8 Mtoto wa Eastlands

Dada, huo si ushahidi kwamba kioo ndicho chenye makosa. Tuktuk inakwenda polepole na mnasimama kula. Mpeleke mgeni huyo huyo kwa kasi ya nganya kwenye Thika Road, hata akiwa juu ya paa, hataona chochote isipokuwa machozi yake mwenyewe.

#9 Afisa Tabibu wa Zamu

Naomba niingize sikio katika mjadala huu, maana mmezungumzia macho pekee.

Mtu anapoketi akitazama ndani ya gari, macho yake huuambia ubongo kwamba ametulia, kwa kuwa kiti cha mbele yake hakisogei, lakini sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unapinda kona na kurushwa na matuta. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu, hata kwa yule aliyekunywa soda. Aliyekunywa pombe ana shida ya ziada: ndani ya mifereji ya sikio kuna utando mwororo unaoelea katika majimaji, na pombe huuingia utando huo mapema kuliko inavyoyaingia majimaji yanayouzunguka, hivyo utando unakuwa mwepesi na kuanza kutoa taarifa za uongo kwamba mwili unazunguka. Tiba ni kutazama mbali, nje, mahali palipotulia. Katika gari mnalolieleza, nje hakuonekani. Matokeo yake abiria huinamisha kichwa na kutazama magoti yake. Sasa huyo atauona mji saa ngapi?

Jambo la pili ni sauti. Wataalamu wa usalama kazini huruhusu desibeli 85 kwa muda wa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mliozungushwa saa nne, je, masikio yaliwavuma mlipolala?

#10 Mgeni wa Tandika

Daktari, yalivuma mpaka tukafika Namanga. Na waliotapika walikuwa wawili, mmoja wao ni shangazi yangu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Tulikuwa tumemtuhumu bure kuhusu zile sambusa za harusini.

#11 Mwanafunzi wa Sheria

Nashangaa hakuna aliyeuliza kama mlicheza mkiwa mmesimama gari likiwa linatembea. Nchini Kenya abiria wa matatu anatakiwa kuketi na kufunga mkanda, na kusimama ndani ya matatu inayokwenda ni kosa, hata kama ni sherehe na hata kama mmeilipia yote. Kama mnataka kucheza, gari lipaki mahali salama, mcheze, kisha mketi ndipo liondoke. Dereva atawaambia kwamba hilo haliwezekani. Linawezekana kabisa.

#12 Msafiri wa Peckham

Niko London, na ninaweza kuwathibitishia kwamba ugonjwa huu hauko Nairobi peke yake. Mwaka jana tulimkodia rafiki yetu basi la sherehe alipotimiza miaka arobaini. Hapa kunywa pombe ndani ya mabasi na treni za umma za mji kulipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2008, kwa hiyo wanaotaka kunywa barabarani hukodi magari ya binafsi. Basi letu lilikuwa na mapazia meusi na viti vilivyopangwa kando kando, watu wakitazamana kama walioko barazani. Tulivuka Tower Bridge bila kujua. Mimi peke yangu nililitambua lile daraja, kwa ule mtikisiko wa matairi yanapopita katikati, mahali linapofunguka.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga, kwenye basi la ghorofa lisilo na paa. Baridi ilitutafuna mpaka kwenye mifupa, lakini mama aliyaona yote na bado anayasimulia. Kwa hiyo nauliza: je, hatukosei kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja? Ziara ni kitu kimoja na sherehe ni kitu kingine. Aliyeyachanganya ni mfanyabiashara.

#13 Mtoto wa Eastlands

Mfanyabiashara hakuchanganya kitu. Aliandika «sherehe» kwa herufi kubwa na «ziara» kwa herufi ndogo. Ninyi mkasoma kinyume.

#14 Mjukuu Mtiifu

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, ila sasa nalazimika kuandika kwa sababu nyote mnasema mji hauonekani ndani ya nganya, ilhali mimi namjua mtu mmoja aliyeuona wote. Ni bibi yangu, ana miaka 81, anakaa Nyeri.

Dada yangu alipohitimu chuo tulikodi gari la namna hiyo, na tukaona si adabu kumwacha bibi nyumbani peke yake. Alipofika mlangoni akatazama zile taa, akasikiliza ule mdundo, kisha akasema yeye ataketi na dereva. Makanga alijaribu kueleza kwamba kiti kile kina mwenyewe. Bibi hakubishana, alipanda tu na kuufunga mkanda, akaweka mkoba wake mapajani na kuukumbatia kwa mikono yote miwili.

Kioo cha mbele, kama mnavyojua, hakina stika wala tinti, na taa za rangi ziko nyuma ya kichwa cha aliyeketi pale. Bibi akaanza kuutaja mji. Alionyesha jengo la Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue na kumwambia dereva kwamba zamani lilikuwa benki, jambo ambalo ni kweli, ingawa dereva alikuwa akipita hapo kila siku bila kulijua. Aliuliza kwa nini Hilton iko giza, na dereva akamweleza kwamba hoteli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2022. Alinyamaza kidogo. Alisema aliiona ikiwa mpya.

Tulipoingia Kimathi Street akamwomba dereva asimame. Huko nyuma sisi tulikuwa tukiimba na hatukujua sababu ya kusimama. Alishuka taratibu akishika mkono wa makanga, akaenda mpaka kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ile iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Akaitazama kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye bunduki. Makanga alikimbia kuja kumwambia DJ azime muziki, na ilipozimwa ndipo tulipogundua kwamba bibi hayumo garini. Tulitoka nje sote. Tulikuwa tumepita mbele ya sanamu ile mara mbili usiku huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona.

Aliporudi kwenye kiti chake alimwambia makanga kwamba sasa wanaweza kuendelea na kelele zao.

#15 Dada wa Kizingo

Mjukuu, mfikishie bibi shikamoo yangu kutoka Mombasa.

#16 Fundi Vioo wa Sakina

Nami pia. Hata hivyo naomba itambuliwe kwamba bibi ameithibitisha hoja yangu: kioo kisicho na tinti na taa zilizo nyuma ya kichwa.

#17 Afisa Tabibu wa Zamu

Ameithibitisha ya kwangu pia, kwa kuwa aliketi akitazama mbele na hakupata kichefuchefu.

#18 Msafiri wa Peckham

Na ya kwangu, kwa sababu yeye alikuwa ziarani na ninyi mlikuwa kwenye sherehe, ndani ya gari lilelile.

#19 Mstaafu wa Mlango

Mnagawana bibi wa watu kama mirathi. Ninachojua mimi ni kwamba kile kiti kina mwenyewe kweli.

#20 Kijana wa Mbezi

Wakuu, baada ya kusoma haya nimepata wazo la kufanya jambo hili hapa Dar es Salaam kwa kutumia Coaster ya kawaida yenye vioo vyeupe. Tungeanzia pale kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimama tangu mwaka 1927, tukapita mbele ya kanisa la Azania Front na ufukwe wa bandarini, tukashika Barack Obama Drive, tukavuka Daraja la Tanzanite lililozinduliwa mwaka 2022, lenye urefu unaozidi kidogo kilomita moja, kisha tushuke Coco Beach kula mihogo na mishikaki. Wenye nguvu wangemalizia Daraja la Nyerere kule Kigamboni. Muziki ungekuwepo, lakini wa kiasi cha mtu kuweza kumwambia jirani yake «tazama kule».

#21 Mtoto wa Eastlands

Kijana, mpango ni mzuri, isipokuwa umepanga ziara ya kula mihogo yenye kituo kimoja cha utangulizi.

Nirudi kwenye hoja ya Mgeni, kwa sababu kuna jambo limetupita wote tangu bandiko la kwanza. Alisema aliketi upande wa kushoto. Ukiteremka Valley Road na kuingia Kenyatta Avenue, Uhuru Park iko kulia na KICC iko kulia. Wakikata kushoto kushika Moi Avenue kwenda Ngara, Hifadhi ya Nyaraka na Hilton wanaziacha nyuma, upande wa kulia. Sanamu ya Kimathi nayo iko kulia, ndani kidogo. Hata angekuwa katika gari lisilo na kioo, lisilo na stika, na asiye na sikio, asingeiona KICC kutoka kiti kile. Alikaa upande mbaya.

Na hata walioketi upande mzuri hawangeona sana, kwa kuwa mji wa maghorofa hauonekani ukiwa chini yake. Unapanda juu. Sehemu nzuri kuliko zote kwa gari ni ile barabara ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kipande chake cha juu kwa juu hupita kando ya katikati ya mji. Ukitokea upande wa Mlolongo, baada ya uwanja wa Nyayo jiandae: Uhuru Park inakuja kushoto na KICC kulia, karibu usawa wa macho. Tatizo lake ni kwamba hairuhusiwi kusimama, na hakuna dereva wa nganya atakayelipia barabara isiyo na watu wa kumtazama.

#22 Mgeni wa Tandika

Mtoto wa Eastlands, umenishtua. Nimefungua ramani na kuipitia njia ile kwa kidole. Ni kweli.

Lakini nimempigia shangazi, ambaye aliketi upande wa kulia, katika safu ileile niliyokaa mimi. Nimemuuliza aliona nini. Amesema hakuona uso wake kama mimi, wala hakuona matundu ya stika. Aliona maji. Anasema kioo chake kilikuwa kikitiririka maji safari nzima, na kwamba alikipangusa kwa kanga mpaka kanga ikaloa, na kila alipopangusa kikajaa tena. Sasa hili nalo tuliweke wapi?

#23 Fundi Vioo wa Sakina

Hilo ni rahisi na ninaona haya kwamba sikulifikiria mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kule ni wa sweta. Nje kioo kimepoa, ndani kuna watu kumi na wanane wanaoimba na kutoa jasho, na unyevunyevu wote wa pumzi zao unakwenda kukaa kwenye kioo. Sisi wa Arusha tunalijua jambo hilo. Ninyi wa Dar mnadhani dirisha likilia kuna bomba limepasuka.

Dawa yake ni kuwasha kipoza hewa au kufungua dirisha kidogo.

#24 Mstaafu wa Mlango

Dirisha la nganya halifunguki, Fundi. Nyuma yake kuna spika.

#25 Karani wa Zamani

Kwa hiyo mpaka sasa tuna taa, tinti, stika, jasho, sikio, upande wa kukaa, kimo cha majengo, na maana ya neno «sherehe». Naongeza la kwangu: simu. Mgeni ametaja picha zaidi ya mia mbili, na zote ni za nyuso. Mtu aliyeinua simu kuelekea kwa rafiki yake ameugeuzia mji mgongo kwa hiari yake, na hilo hulirekebishi kwa kubadilisha kioo.

#26 Mgeni wa Tandika

Karani, hilo sikulitaka lakini nimelipokea.

Nawashukuru nyote. Mwezi Desemba tunakwenda tena, safari hii kwa ajili ya kumwona mtoto, na wale vijana wamekwisha kuahidi kutukodia gari lilelile kwa kuwa mwenye gari amewapunguzia bei. Nimewaomba mambo matatu: nikae upande wa kulia, tupite Expressway kutokea Mlolongo, na kuanzia Nyayo mpaka Museum Hill taa za ndani zizimwe. Mawili ya kwanza wameyakubali. La tatu wamesema watamuuliza DJ.

#27 Mstaafu wa Mlango

Usisubiri jibu la DJ. Katika magari niliyofanyia kazi mimi, taa za zambarau na spika zilifungwa kwenye swichi moja, nyuma ya kiti cha dereva, chini ya kapeti. Ukizima taa umezima na muziki. Aliye karibu na swichi hiyo kuliko wote ni yule anayeketi mbele, mahali alipoketi bibi.

#28 Mjukuu Mtiifu

Bibi amesomewa uzi wote leo jioni. Anauliza Desemba mnaondoka tarehe ngapi.